Chai Haikugeuka Msitu

Chuoni, 4 Februari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini wewe na Mama mko wazima, na kwamba yule ng'ombe mwekundu ameshazaa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina chai ya maana ya kuifukuza.

Nakuandikia barua kwa sababu ulisema mambo mazito si ya simu. Mwaka wa kwanza tulisoma Afrika ya kale, wa pili tukasoma Ulaya na vita vyake. Mwaka huu wa tatu kuna somo la historia ya mahali. Kila mwanafunzi anaandika juu ya mahali anapopajua, kwa kuwauliza watu waliokuwapo. Usipoandika, humalizi digrii. Nimechagua kwetu, mwaka 2008, baada ya uchaguzi, tulipochomewa nyumba kwa sababu sisi ni Wakisii. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka moto, na kulala kanisani na watu wengi. Mengine unayo wewe.

Naomba unieleze. Majina hubadilishwa, hakuna atakayekujua.

Binti yako,
Nyanchoka


Sosiot, 15 Februari 2024

Kwa binti yangu,

Pokea salamu. Sisi tu wazima. Ng'ombe amezaa dume, sasa hiyo ni furaha gani.

Hilo la 2008 achana nalo. Tuliondoka, tukarudi, tukajenga. Watu wale wale ndio tunapanga foleni nao kituo cha majani ya chai, na Jumapili tunakaa nao benchi moja. Unataka nisimame katikati yao na kitabu chako shingoni? Masomo yenu ni mengi. Andika juu ya Misri. Firauni hana mjukuu hapa Sosiot.

Jina langu siandiki. Barua hupotea.

Baba yako


Chuoni, 3 Machi 2024

Kwa Baba,

Salamu nyingi, na pole kwa ndama. Mwambie Mama kikohozi kimeisha.

Nimeandika bila wewe. Usikasirike. Au kasirika, lakini soma hadi mwisho. Mhadhiri wetu, Daktari Chepkurui, alikulia kwenye chai huko Bomet. Alisoma kurasa zangu akanirudishia. Kuhusu moto hakuuliza chochote. Aliuliza, "Mlikuwa mbali tangu Januari hadi Oktoba. Mliporudi, chai yenu ilikuwaje?"

Nikasema ilikuwa chai tu.

Akacheka. "Wewe mtoto wa mkulima! Chai ikiachwa muda huo inageuka msitu. Unaingia na panga, si na kikapu."

Baba, siku tuliyorudi naikumbuka. Nyumba ilikuwa majivu yaliyoota nyasi, lakini chai ilikuwa sawa kama meza. Nilipitisha mikono juu yake. Na Mama alilia alipoona chai, si alipoona nyumba.

Nani alichuma?

Binti yako,
Nyanchoka


Sosiot, 9 Machi 2024

Nyanchoka,

Tu wazima. Hapo usiguse.

Baba yako


Chuoni, 6 Aprili 2024

Kwa Baba,

Salamu. Afya yangu ni njema. Yako siijui, kwa sababu nikipiga simu unampa Mama.

Basi nisikilize. Jumamosi tarehe ishirini nitasimama kituo cha majani, watu wakisubiri lori la kiwanda, nimuulize kila mwenye kikapu. Ukinifungia mlango nitalala kwa jirani, kwa kina Winny. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu haogopi kwao. Hapo ni kwetu au si kwetu?

Binti yako,
Nyanchoka


Sosiot, 17 Aprili 2024

Kwa binti yangu Nyanchoka,

Tu wazima wote. Mama anakusalimu na anasema kichwa hicho kigumu hukukitoa kwake. Barua hii anakuletea Winny.

Nilipopata maneno yako nilikwenda kwa mama yake, jirani yetu Tecla, kumwonya. Ni yeye aliyechuma. Mkipsigis kama wale waliotuchomea, mjane, na wakati ule Winny alikuwa mgongoni. Shemeji yake Jonah alisema chai ya Mageto iachwe igeuke msitu, tusiwe na kitu cha kurudia. Tecla akaingia na kikapu, wiki baada ya wiki, na majani akayapeleka kituoni kwa namba yangu ya mkulima, si kwa yake. Karani alipouliza ni ya nani, alijibu, "Ya mwenyewe. Ametoka kidogo."

Niliporudi niliapa mbele yake kwamba sitamtaja, wasije wakamfanyia kama walivyotufanyia sisi. Hicho ndicho nilichokuwa nakunyima.

Nikamwambia, "Mama Winny, binti anakuja kuuliza. Sema hujui."

Akanitazama sana. "Mageto, miaka yote hii umenificha kama pombe ya busaa chifu akipita? Nani alikuomba?"

"Niliapa."

"Uliapa peke yako. Mimi nilikuwa nakusikiliza tu."

Jana kwenye kituo, watu wakipimiwa majani, aliweka kikapu chini. Jonah alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Mwaka ule mlipochoma, mimi ndiye nilichuma chai ya huyu. Nilichuma mchana. Mwenye neno aseme, lori halijafika."

Karani akajifanya anapangusa mizani. Mtu mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Jonah akabeba majani yake na kwenda nayo nyumbani bila kupima. Yatakuwa yameoza sasa.

Leo amenipita njiani bila salamu. Huenda asinisalimu tena, na sijui kama ataishia hapo. Nimeamka, nimechuma mistari yangu, nimerudi. Hapa ni kwetu.

Njoo Jumamosi. Tecla anasema uje na kalamu inayoandika, maana ana mengi. Nilimweleza habari ya kubadilisha majina. Hakupendezwa. Anasema alibatizwa Tecla, na hataki kufika chuoni akiwa Mary.

Nami vilevile.

Baba yako,
Mageto Nyang'au, mkulima wa chai, Sosiot

Jina liandike hivyo hivyo.