Mtu wa Shemeji

Wewe, kaa chini kwanza.

Leo shemeji, mume wa dada, alikuwa na usaili wa kazi. Asubuhi mama akataka kumwombea. Yeye akacheka: "Mama, Mungu msimsumbue. Mimi nina mtu mle ndani."

Ana mtu. Wiki nzima tumelishwa huyo mtu asubuhi, mchana na jioni.

Basi kafika, kakaa kwenye benchi na wenzake. Anageuka, nani yuko pembeni yake na bahasha ya vyeti mapajani?

Mtu wake.

Mtu wake mwenyewe. Kapunguzwa kazi Ijumaa, kaja kuomba upya kama binadamu wengine. Tena ndiye aliyetangulia kumuuliza shemeji: "Ndugu yangu, wewe una mtu humu?"

Sasa hivi mama kapokea ujumbe kutoka kwenye benchi:

"Mama, tuombee. Tuko wawili."