Klipu za Bi Mwanamize

Jumatatu, 2 Februari 2026

Khalil, bosi wangu wa duka la vitambaa, kanipa agizo hata chai sijamaliza. Mfungo mzima, kila siku klipu moja ya mama yake, na zote ziwe zimerekodiwa kabla mwezi haujaandama. Bi Mwanamize akifunga sauti inamkauka, hataki kumchosha. Sawa. Ina maana kabla ya Ramadhani nirekodi, niediti, nizipange kwenye simu zijiposti zenyewe jioni, watu wakishafuturu. Kichwa kinauma na bado sijashika kitu.

Kwa nini mama yake na si mtu mwingine, najua. Mwaka jana tulikodi mrembo, mwembamba, mikao kibao. Inboksi nzima ikawa swali moja: yule bibi yuko wapi? Ukurasa huu ni Bi Mwanamize. Anashika kitambaa, anakifinyanga ndani ya ngumi, anakiachia, halafu anakwambia kama vile yupo jikoni kwako, "Hiki usimshonee mtoto, kitamwasha." Watu wa Tabora na Songea wanaagiza mzigo bila kuugusa, kwa sababu yeye kasema. Na kwa nguvu hiyo hiyo Khalil kakodi fremu ya pili, duka jingine kabisa, kwenye jengo jipya Mtaa wa Mahiwa. Hajaifungua bado.

Tumerekodi satini, lesi na krepu nyeusi. Safi. Shida ni spika za duka la jirani tu.

Jumatano, 4 Februari

Nimekaa kuediti za juzi. Kwenye lesi, Bi Mwanamize kasema, "Hii isikutane na maji ya moto." Akaendelea kidogo. Akasema tena, "Hii isikutane na maji ya moto." Na mara ya tatu. Sauti ile ile, tabasamu lile lile. Wakati wa kurekodi sikusikia, nilikuwa nahangaika na taa. Nikakata mbili nikabakiza moja. Kila mtu anarudia maneno.

Halafu krepu. Kainua kitambaa, kanyamaza. Mkono unapapasa, macho yanatafuta. Kwa mbali kuna mtu ananong'ona. Nikaweka spika za masikioni, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Ni Mzee Shomari, mkata vitambaa wetu — "Krepu, Bi Mkubwa." Naye hapo hapo: "Krepu hii, wanangu..." Kama hakuna kilichotokea.

Nimezirudia zote. Mzee Shomari yumo kila mahali. Siku zote nilidhani anasimama pale kusubiri kukata.

Ijumaa, 6 Februari

Khalil alipoenda kuswali nikamfuata Mzee Shomari kwenye meza ya kukatia. Ni mtu wa Lindi, mimi wa Masasi, tunaitana majirani. Yupo hapa tangu enzi za marehemu Mzee Saif, baba yake Khalil. Nikamuuliza moja kwa moja, kwa nini anamnong'oneza Bi Mkubwa?

Mkasi haukusimama. Kasema niendelee na kazi yangu.

Baadaye kaja mwenyewe na vikombe viwili vya kahawa. Kaongea akiwa anaangalia mtaani. Kwamba ni tangu mwaka jana. Kwamba Bi Mkubwa akili inampotea kidogo, inarudi. Siku moja alitaka kurudi nyumbani akaelekea upande wa Jangwani, na wao wanakaa hapa hapa, mtaa wa Gerezani. Yeye Mzee Shomari ndiye aliyemfuata akamrudisha.

"Khalil anajua?"

"Khalil yuko na fremu yake."

"Sasa wewe utanong'ona mpaka lini, Mzee Shomari?"

Kahawa yake kaimwaga mtaroni. Karudi kwenye mkasi wake.

Jumamosi, 7 Februari

Siku mbaya.

Jana nilirekodi klipu ya haraka ya leo, shifoni ya maua, nikaipanga itoke asubuhi. Niliangalia rangi, nikaangalia mwanga. Nilikuwa nasikiliza kama atarudia maneno — hakurudia, nikafurahi. Bei sikuisikiliza. Bi Mwanamize kasema elfu mbili na mia tano. Tunauza elfu tisa. Hiyo elfu mbili na mia tano itakuwa ya enzi za mumewe.

Adhuhuri duka limejaa mpaka barazani, kila mtu kainua simu. Dada mmoja wa Mbagala anatuwekea klipu kwa sauti, anarudia pale pale kwenye bei. Anasema tukigoma atatuanika. Khalil kauza robota zima kwa bei ile huku anatabasamu. Watu walipopungua kageuka.

"Uliiangalia hii kabla ya kuiposti?"

Bi Mwanamize kakaa kwenye kiti chake cha pembeni, mikono mapajani. Alikuwa ananitazama.

Nikasema nilimwandikia bei vibaya kwenye karatasi. Nilikuwa na usingizi.

Khalil akasema, wateja wakiwa bado wamesimama, kwamba msichana wa mtandao ndiye kakosea, watusamehe. Mzee Shomari kainamisha kichwa. Nami nikainamisha changu. Nimerudi kwangu Buguruni nimekaa na viatu miguuni, sijala. Sijui nimemlinda nani.

Jumatatu, 9 Februari

Bi Mwanamize kaniita stoo. Kamtuma Mzee Shomari akanunue ubani, nikajua hataki masikio mengine.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa." Nikakaa. "Juzi umenibebea kosa langu. Kwa nini?"

Nikasema sijui. Kweli sikuwa najua.

Akachukua kipande cha krepu kutoka kwenye mabaki, akakipitisha vidoleni. Kasema polepole, "Kitambaa mkono unakijua. Jina lake ndilo linanikimbia. Na watu pia, sasa. Jana nimemwita Khalil kwa jina la baba yake, akacheka, akadhani natania."

Nikamwambia ni bora aende hospitali, na Khalil aambiwe.

"Akiambiwa ataniketisha ndani. Kwa mapenzi yake, najua. Ataniwekea msichana wa kunishika mkono mpaka chooni. Mimi duka hili nimelisimamia nina mimba yake. Nikikaa ndani, hicho kilichobaki kitaondoka haraka zaidi."

Kisha ndiyo akaniambia anachotaka. Nimrekodi. Si za mfungo tu. Za Iddi zote mbili, za masika, za shule zikifunguliwa, za harusi za Desemba. Kila kitambaa kilichopo dukani. Nirekodi sasa, angali na kumbukumbu. Nizipange zitoke zenyewe, ukurasa uendelee hata siku ambayo yeye hatoki.

"Nawe unikate vizuri," kasema. "Unanikata vizuri. Nimeona."

Alikuwa anajua kwamba namkata. Nilitaka kulia nikaona aibu.

Nimekubali. Sikumwahidi kumficha Khalil, ila sikukataa pia. Hiyo tofauti naiona ninapoiandika tu, pale stoo haikuwepo.

Jumanne, 10 Februari

Tumerekodi mpaka taa ya duara ikachemka. Nimeshaijua njia. Asubuhi ndiyo saa zake, kabla jua halijapanda. Kitambaa kiwe mkononi mwake kabla hajaanza. Usimuulize jina. Usimuulize bei, nitaiandika mwenyewe chini ya video. Mwulize, "Mama, hiki ungemshonea nani?" — hapo anafunguka kama bomba. Leo kaeleza jinsi ya kujua hariri ya kweli kwa kuisikiliza. Kuisikiliza, karibu na sikio. Mimi na Mzee Shomari tulisahau kazi tukabaki tunamtazama.

Ratiba imejaa mpaka Septemba. Naipitia kwenye simu, viboksi na sura yake ndani, viboksi na sura yake. Septemba atakuwa anazungumza na watu kuhusu sare za shule. Na yeye mwenyewe je, Septemba?

Khalil kapita, katazama, kafurahi. Kasema mama kachangamka siku hizi, ni kazi nzuri. Kanipiga bega. Nilijisikia vibaya kuliko ile Jumamosi ya kulaumiwa mbele ya wateja.

Jumatano, 11 Februari

Khalil kaposti mwenyewe bila kuniuliza. Tangazo kubwa, picha ya mama yake: Jumamosi saa kumi jioni, laivu, uzinduzi wa fremu mpya Mahiwa, Bi Mwanamize atajibu maswali yenu. Mpaka nalifungua, komenti zishakuwa nyingi, unasogeza kwa kidole hazishi. Watu wanaandika maswali tayari.

Laivu. Jioni. Mahali asipopajua. Na maswali.

Laivu haikatwi.

Alhamisi, 12 Februari

Nimejaribu. Khalil alikuwa kwenye simu na wakala wa bandarini, kontena lake limekwama tena. Nikamsubiri. Nikamwambia Mama kachoka, tuweke klipu nzuri niliyonayo, watu watapenda.

Kasema klipu kila duka Kariakoo linazo. Laivu ndiyo watu wanaiamini.

Nikasema basi iwe asubuhi. Kasema asubuhi watu wako makazini. Nikasema Mama... nikakwama. Yeye kaniangalia.

"Una tatizo gani na mama yangu?"

Sasa ndiyo ilikuwa nafasi. Mdomo ulifunguka kabisa. Simu yake ikaita, wakala yule yule, akapokea akatoka nje. Ningeweza kumfuata. Sikumfuata.

Nikaenda kwa Bi Mwanamize. Kasema atafanya. "Nimeongea na wateja maisha yangu yote, nitashindwa na simu?" Kamwambia Mzee Shomari ampigie pasi baibui lile lenye nakshi. Mzee Shomari akaniambia kando kwamba atasimama karibu, kama siku zote. Tukakubaliana hivyo, watu wazima wawili, kana kwamba huo ni mpango.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika humu nyuma ya pazia la fremu mpya, nimekaa juu ya robota.

Mzee Shomari hakuja. Khalil kamwacha duka la zamani, leo wateja ni wengi, nani atakata? Kanijulisha tukiwa tushafika huku. Bi Mwanamize aligeuka mara mbili kumtafuta.

Saa kumi tukaanza. Na alianza vizuri mno. Kawasalimia watu, kamcheka aliyemwita bibi, kaombea wote wafike Ramadhani wakiwa na afya. Watazamaji wakawa wanapanda tu. Mimi nyuma ya simu, nikaanza kupumua. Kashika kitambaa cha kijani, kakifinyanga, kaeleza kinavyoanguka mwilini.

Khalil akasoma swali kwa sauti. "Mama, wanauliza hicho kinaitwaje?"

Kakitazama kitambaa. Kageuza kichwa upande ambao Mzee Shomari husimama. Pana ukuta mweupe, bado unanuka rangi. Kautazama ule ukuta muda mrefu. Komenti zinapanda, mioyo, mioyo, halafu moja: bibi vipi? Khalil ananipa ishara ya mkono, endelea, endelea. Yeye yuko pembeni, mama yake usoni hamwoni. Mimi nilikuwa namwona usoni.

Akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo, ile ya mgeni mwenye adabu, "Hapa ni kwa nani?"

Nikazima.

Khalil alinijia juu. Nikasema mtandao umekata. Akatoa simu yake, akanionyesha — alama ya mtandao imejaa. Akauliza nimefanya nini, watu wote wale, siku ya uzinduzi. Kasema nifungashe vitu vyangu. Nikaingia huku nyuma kufungasha, na badala yake nimetoa daftari.

Pazia halifiki chini wala halikutani katikati. Namwona Khalil, kasimama na simu inayoita, haipokei. Bi Mwanamize yuko mbele ya taa, pale pale tulipomwacha. Amejiweka sawa ushungi, kitambaa cha kijani kakikunja vizuri mapajani.

"Baba," anamwambia, kwa upole kabisa. "Mbona mnanichelewesha? Mimi nishajitayarisha. Tunaanza saa ngapi?"

Khalil kageuka kuelekea kwenye pazia. Tumetazamana. Sikukwepa.

Simu yake imeacha kuita, imeanza tena. Kaiweka juu ya meza, kioo chini. Kavuta kiti, kakaa mbele ya mama yake, magoti kwa magoti. Kamshika mkono. Mama yake bado anasubiri kuambiwa tunaanza saa ngapi.