Mirihi Imekaribia, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu adhuhuri ile ulipoketi kwenye kiti cha wateja katika saluni yako, ukavua miwani, ukafumba macho, ukaenda zako bila kuaga. Mteja aliyeingia baadaye alidhani umesinzia. Alikaa kwenye benchi akikungoja, akapunguza hata sauti ya redio asije akakuamsha. Tunamshukuru mpaka leo kwa adabu ile.

Mtaa mzima ulikuita Kinyozi wa Mirihi, nawe hukujali. Ukishamfunga mtu kitambaa shingoni, mashine ikinguruma, ulianza: "Unajua kule siku ni ndefu kuliko yetu kwa zaidi ya nusu saa?"

"Sasa hiyo nusu saa wanaifanyia nini?"

"Mimi ningekumalizia hizi ndevu bila haraka. Tulia!"

Wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani uliwafuata vitandani mwao na begi lako la mashine. Uliwanyoa polepole, ukawapangusa shingo kwa brashi laini, na wengi wao wakapata usingizi uliokuwa umewakataa. Ukishukuriwa uliona haya, ukaanza kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni mwako.

Jioni ulikuwa wetu, ila si sana. Jua likizama ulibeba darubini mpaka uani, ukaiweka kati ya kamba ya nguo na pipa la maji, ukaiacha ipoe, kisha ukapachika kamera. Paa la bati lilikuwa bado linatoa joto la mchana. Hewa ilicheza juu yake, na Mirihi ikacheza nayo kwenye skrini ya kompyuta, ikivimba na kunywea kama kiini cha yai kwenye maji yanayotokota. Wewe ulirekodi tu, ukisubiri. Baadaye kompyuta ingechagua, kati ya maelfu ya picha, zile chache zilizonaswa hewa ikiwa imetulia, izilaze moja juu ya nyingine mpaka zitoe sura moja.

Sisi mapacha, wadogo kuliko wote, tulikatazwa kukanyaga uani, maana hatua moja tu ilitosha kuitikisa sayari nzima. Tulikaa mlangoni na Mama na Dada, tukinong'ona, nguo zikining'inia gizani bila kutikisika. Kuna nyakati hewa ilitulia kweli. Kofia nyeupe ya barafu ilijitokeza, kisha mabaka meusi, yakielea taratibu kana kwamba yanapanda kutoka chini ya maji. Ulikaa mdomo wazi, na hakuna aliyejua uko uani au uko huko. Tulikupenda sana nyakati hizo.

Ule mwaka wa vumbi hatuwezi kuuacha bila kuutaja. Mirihi ilitoka chungwa tupu, haina kofia wala baka. Ulisema ni moshi wa mafuta ya Mama ya kukaangia, umepanda kwenye kioo. Ukaifungua darubini yote, ukaosha kioo kwa sabuni ya vyombo, ukamsihi Mama asikaange tena. Wiki nzima tukala vya kuchemsha. Ndipo uliposoma kwamba dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika sayari yote kule kule juu.

Mama alikuja na mwiko mkononi. "Kwa hiyo vumbi liko Mirihi, kesi iko jikoni kwangu?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaosha vyombo, jioni ile na nyingine nyingi zilizofuata.

Siku chache kabla hujatutoka ulimwamsha Mama alfajiri. Mirihi ilikuwa imejitokeza tena baada ya kujificha nyuma ya jua, ndogo kama punje. Hukupachika kamera, ulitaka kuitazama tu. Ukavua miwani kama ilivyokuwa desturi yako, ukazungusha kile kigurudumu kidogo cha pembeni kinachoondoa ukungu, ukachungulia mpaka kulipopambazuka.

"Inakuja," ulimwambia. "Mwakani itakuwa karibu kabisa. Nitakupigia picha nzuri kuliko zote, tuitundike sebuleni."

Baada ya mazishi Mama aliifunika darubini kwa shuka, akaiweka kwenye kona ya chumba chenu. Kuifuta vumbi aliruhusu. Kigurudumu, hapana. "Hapo ndipo mkono wake ulipoishia," alisema. "Atakayekigusa atanitambua." Hata Baba Mdogo, ambaye utani haumwishi mdomoni, aliweka mikono nyuma.

Miezi ikaenda, na Mirihi ikaja kama ulivyosema. Kila jioni ilizidi wekundu juu ya paa la jirani, na kila jioni Mama alitoka kuitazama kwa macho matupu. Mwishowe akaamuru darubini itolewe. Dada aliielekeza, maana ulimfundisha. Mama akainama, akachungulia kwa muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umemshuka.

"Ukungu mtupu. Hiki ndicho alichokuwa anakitazama miaka yote?"

"Hapo pamewekwa kwa macho yake, Mama," Dada alimjibu taratibu. "Alikuwa anavua miwani. Wewe macho yako ni mengine, na kamera nayo ina lake. Lazima tukizungushe."

"Basi rudisheni ndani."

Ikarudi ndani. Jioni kadhaa zikapita hivyo hivyo, mbingu nyeupe kwa nyota, nasi tumekaa mlangoni tukitazama mahali patupu kati ya kamba na pipa. Mirihi haimngojei mtu. Ikishaanza kwenda zake, ni zaidi ya miaka miwili mpaka ikaribie tena. Dada alilijua hilo. Mama pia alilijua, alikuwa mkeo.

Kisha akaja Baba Mdogo na vitu vyake vya kuandikia mabango: kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba kuliko zote alizo nazo. "Shemeji, nakuchorea kimstari hapa kilipo. Wapige picha yao, halafu tunakirudisha palepale. Hata mwenyewe asingegundua."

Tuliona ni jambo la busara. Darubini ikatolewa tena, shuka likaondolewa, naye akachovya brashi. Mama alikitazama kile kigurudumu, tukadhani anamwonyesha pa kuchora.

"Alama ya nini, shemeji?" alisema. "Mwenye macho hayo hayupo tena."

Baba Mdogo akaishusha brashi. Mama akakishika kigurudumu mwenyewe. Akakizungusha kidogo, akasita, akakizungusha tena. Alikuwa analia, kwa sauti, na hakuwa amelia hivyo hata makaburini, lakini jicho lake halikubanduka kwenye lenzi. Hatukumsogelea. Alipomaliza alijipangusa uso kwa kiganja, akasogea pembeni.

"Pachika kamera," alimwambia Dada. "Kizungushe inavyotaka."

Picha iko sebuleni, Baba. Haizifikii zako, upande mmoja umefifia, kwa kuwa Baba Mdogo alishindwa kusimama mahali pamoja. Lakini ni Mirihi, na kofia yake iko pale.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye siku hizi huchungulia peke yake na kutufukuza tukimkaribia. Na binti yako mkubwa. Na sisi mapacha, tuliokuandikia haya. Na mdogo wako, mwandika mabango. Na wateja wako, ambao wanalalamika kwamba kwingine wananyolewa kimya kimya. Tutakukumbuka maisha yetu yote.