Kiko Mbele ya Kiti Kitupu

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kifua kikiwa na nafuu, na goti la mama halijambo. Mimi ni mzima, isipokuwa ulimi, ambao sasa ni mali ya kiwanda.

Chumba cha uonjaji kiko kama ulivyokiacha: meza ndefu, dirisha linalotazama ghala la tumbaku, viti viwili. Nakaa cha kulia, kilichokuwa chako. Cha kushoto kiko kitupu, kama desturi inavyotaka.

Meneja ameleta mchanganyiko mpya wa kiko. Ni tumbaku ya Virginia tupu: jani la rangi ya limau kwa wingi, la chungwa kiasi, na jekundu kidogo lililolala ghalani muda mrefu. Aliyeuchanganya ni yule mama uliyembandika jina la Mizani. Ameukandamiza kwa mashine mpaka ukawa bonge, kisha ameukata vipande vyembamba. Nitauvuta kila siku na kutoa hukumu kabla ya katikati ya Aprili. Meneja kanitania mbele ya watu, eti mwonjaji mwanamke atautafutia harufu ya marashi. Nikivurunda hapa, kiti sina.

Nimekutumia kopo kwa gari la vifurushi. Usiwashe. Nusa, sugua vidoleni, basi. Mama akiona moshi ataanza na mimi kabla yako.

Desturi nimeifuata. Kiko cha aliyenitangulia nimekijaza na kukiweka mezani mbele ya kiti kitupu, bila kukiwasha. Kitakaa hapo mpaka hukumu itoke.

Mpwa wako.

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Goti la mama yako linamruhusu kunifokea akiwa amesimama, kwa hiyo tuseme limepona. Umeandika “kanitania” mahali pa “amenitania”. Barua si kibaraza.

Kopo lako halijafika. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata sina maelezo yake.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimekaa ukumbini na gazeti. Sijavuta tangu daktari anikataze, nawe unajua kwamba mimi nikikatazwa hukatazika. Kinywa changu kikajaa moshi. Haikuwa kumbukumbu. Kumbukumbu huja nzima kwa mara moja, lakini huu ulianza mwanzo, kama kiko kinavyoanza. Kwanza ganda la limau na utamu mwepesi, pamoja na mchomo pembeni mwa ulimi, maana jani la limau limewekwa kwa mkono wa ukarimu. Mchomo huo si kosa; hupoa wenyewe. Jana ukaja mkate unaotoka tanurini na nyasi zilizokauka juani. Hapo jani jekundu ndipo linapoanza kazi. Unaungua taratibu wala haudai kuwashwa tena. Theluthi ya mwisho sijaifikia.

Mama yako alinivua kofia akaninusa kichwa kama mtoto aliyetoroka shule.

“Umevuta wapi?”

“Sijavuta.”

“Basi moshi ndio uliokuvuta wewe.”

Linganisha na maandishi yako, kisha uniambie kama nazeeka vibaya.

Mjomba wako.

17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ingawa nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na nimeimaliza nikiwa nimekaa.

Kopo limerudi kwangu. Nilikosea nambari ya sanduku la posta, na karani wa vifurushi amelirudisha likiwa na gundi yake. Hakuna aliyelifungua.

Lakini hukumu yako na yangu zimekutana kila mahali. Limau, mchomo, nyasi. Hata mkate niliuandika, kisha nikaufuta nikihofia kicheko cha meneja.

Kuna jambo jingine. Alhamisi ile uliyoitaja nilikuta majivu juu ya kiko cha kushoto. Kiberiti changu nakaa nacho mfukoni, na ufunguo wa chumba ni mmoja, ninao mimi. Nilidhani ni utani wa Mizani, nikamuuliza. Akanijibu, “Mwanangu, ningekuwa na nafasi ya kuchezea viko, ningeanza kwanza kukaa chini.” Tangu hapo majivu yanashuka kidogo kila siku, wala simwoni anayevuta. Theluthi ya juu imekwisha, na ya kati inaelekea kwisha. Mto wa kile kiti umebonyea. Naukung’uta kabla ya kwenda kula, nikirudi naukuta umebonyea tena.

Nashangaa kwamba siogopi inavyostahili. Labda ni kwa sababu upande ule unanukia ile dawa yako ya kikohozi.

Wewe lakini hujambo kweli?

Mpwa wako.

23 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Mimi sina hakika na hali yangu, na sitakudanganya.

Chai imekuwa maji ya moto. Juzi sufuria iliungua karibu nami nisijue, mpaka macho yakaanza kutoa machozi. Mama yako huniita chumba kwa chumba, nami nimekaa mbele yake. Nikikohoa ndipo hushtuka na kusema, “Kumbe upo.”

Sasa nijibu sawasawa. Umeandika kwamba umejaza kiko cha aliyekutangulia. Mimi nilichukulia kwamba ni kile cheusi cha Bwana Pua, aliyenifundisha kazi. Je, umejaza changu, chenye mrija uliotafunwa?

Nakuuliza kwa sababu desturi ile nilikufundisha kama nilivyofundishwa, na ina upungufu. Bwana Pua alifia kitini. Aliyemfundisha yeye alifia hapo hapo. Aliyetangulia alikuwa marehemu siku zote, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kusema kwamba lazima awe marehemu. Mimi ni wa kwanza kutoka chumba kile kwa miguu yangu.

Kiko cha kushoto hujazwa ili marehemu aonje pamoja nawe. Mchanganyiko ukipita, unakipindua bustanini na kumwambia, “Umeonja, pumzika.” Ukikataliwa, tumbaku inarudishwa guniani, kiko kinafutwa, wala haambiwi mtu neno lolote, maana ni kana kwamba hakuna kilichoonjwa.

Kama ni changu, kiondoe mezani leo.

Mjomba wako.

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Ni chako. Wewe ndiye uliyenitangulia. Sikuwaza mtu mwingine. Nisamehe.

Nilikiondoa saa ile ile nikakifungia kabatini. Baada ya siku chache ikaja kadi ya mama, mwandiko wa kukimbia. Anasema tangu siku hiyo hukai. Unakwenda kwenye kochi, kwenye kigoda cha jikoni, hata ukingo wa kitanda, unainama kidogo, kisha unasema, “Samahani, hapa pana mtu,” na kuondoka. Anasema unalala ukiegemea ukuta. Nilikirudisha mezani kabla sijaimaliza kadi yenyewe.

Kwa hiyo kukiondoa hakufai. Kukipindua na kukuambia upumzike, kama marehemu, sitaki hata kuwaza. Lakini umeandika mwenyewe kwamba mchanganyiko ukikataliwa, hakuna kilichoonjwa. Basi nitaukataa. Kwa kukataa mchanganyiko mzuri nitapoteza kiti, na nimeshapoteza vitu vingine nikaishi.

Tumbaku iliyobaki ndani ni unene wa kidole. Nijibu upesi.

Mpwa wako.

7 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilipata pa kukaa tena, na mama yako amepata usingizi.

Usiukatae. Mchanganyiko huu ni mzuri. Nimeifikia theluthi ya mwisho: pasi ya moto juu ya shuka yenye unyevu, kisha ganda la chungwa lililokauka. Ninangoja uchungu wa chini, ule unaoharibu Virginia nyingi zinapokaribia kwisha, na haujafika. Mizani amefanya kazi ambayo nimeionja mara chache sana maishani. Utamwambia nini mama huyo? Utaandika nini penye sababu?

Ukikaa katika kiti kile huna mjomba. Una ulimi, na karatasi ya kuandika ulichokionja. Hayo ndiyo niliyokulea nayo, na nilidhani yameingia.

Tena nikuambie ukweli. Mama yako hunipita sasa bila kushtuka. Lakini nikifumba macho naliona dirisha la ghala, naona na mkono wako ukiandika. Kiti kile kinanikaa vizuri kuliko kochi hili. Usinionee huruma kupita kiasi.

Ukiona mwandiko umefifia, wino ni ule ule.

Mjomba wako.

12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika: haufai.

Meneja alisoma kwa sauti, akaniuliza sababu. Nikasema una uchungu mwishoni. Mizani alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. Alitazama mikono yake, kwanza mmoja kisha wa pili, akaondoka. Meneja alinifukuza papo hapo, lakini hilo halikuniuma kama mikono ile.

Tumbaku iliyobaki nimeirudisha guniani. Kiko chako nimekifuta kwa upindo wa gauni. Sikukuambia neno, ingawa nilitamani hata kukuaga. Askari wa getini, yule anayeniita Mama Moshi, alinibebea mkoba mpaka barabarani, akasema, “Sasa nani atanijazia chumba harufu nzuri?” Kiko chako kimo humo mkobani.

Niambie chai ina ladha gani.

Mpwa wako.

17 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Chai ina sukari nyingi mno. Nilipomwambia mama yako hivyo, alikaa chini akalia, kisha akaniongezea kijiko kingine. Nimekaa kwenye kochi, kwenye kigoda, na kwenye ngazi ya nyuma kwa kujaribu tu. Popote hapana mtu.

Umetoa hukumu ya uongo. Nimekasirika, na nakusudia kuendelea kukasirika mpaka nikuone kwa macho. Hapo nitakushukuru, maana yapo mambo ambayo barua haiyawezi. Kwa Mizani utakwenda mwenyewe, umwombe radhi na kumwambia ukweli. Hilo siliombi, naliagiza.

Lakini kuna jambo lililonijia nikiwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini. Kiti hakiachwi kitupu. Atawekwa mwonjaji mwingine, na kwa kuwa wewe hupo, Mizani ndiye atakayemfundisha desturi kama anavyoijua: ajaze kiko cha aliyemtangulia. Nawe umetoka chumba kile kwa miguu yako, kama mimi.

Umesema kiko changu unacho. Juu ya chako hukuandika neno. Kama kimebaki rafuni, kakichukue leo, hata kwa kuruka ukuta. Mambo ya heshima tutayazungumza baadaye.

Nijibu kwa posta ya kwanza.

Mjomba wako.

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo. Kodi ya chumba cha zamani ilinishinda nikahama, na mwenye nyumba aliiweka juu ya kabati lake mpaka alipokumbuka kuileta. Nimepata kazi katika duka la sabuni. Mteja wangu wa juzi aliniuliza ipi inanukia zaidi, nikafungua moja baada ya nyingine nikinusa, na zote zilikuwa kama mawe.

Ulichoniuliza, jibu ni kwamba kilibaki rafuni. Nilichukua chako, changu nikakisahau.

Kwa Mizani sikuwahi kwenda. Alikuja yeye leo, kununua sabuni ya kufulia. Nilimwomba radhi, nikamwambia uchungu ule haukuwapo. Akanishika mkono. “Ulimi wako uliugua tu, mwanangu. Nimemwomba meneja, na mchanganyiko umerudishwa kuonjwa upya. Mwonjaji mpya ni kijana msikivu. Desturi nimemfundisha mwenyewe. Kiko chako amekijaza vizuri, hakudondosha hata uzi mmoja.” Nilimweleza kila kitu. Alikuwa anaangalia huku na huku dukani, akaita, “Mwanangu, umekwenda wapi? Chenji yangu.”

Nikakimbia mpaka kiwandani. Askari wa getini alikuwa kwenye kibanda chake. Nilisimama karibu kiasi cha kuona vifungo vya koti lake, nikamsalimu, nikamwita kwa cheo. Alivuta hewa kwa pua, akatabasamu, akamwambia mwenzake, “Mama Moshi kapita hapa.” Kisha akafunga geti.

Moshi kinywani mwangu ulianza na limau. Mchomo ulikuwepo, na ulipoa kama ulivyosema. Mkate na nyasi vimekwisha tangu wiki iliyopita. Leo asubuhi nimeonja pasi juu ya shuka, na sasa hivi, ninapokuandikia, chungwa kavu. Mchanganyiko umekaa ghalani ukakomaa zaidi.

Mizani alisema hukumu ni kesho. Barua hii itakufikia baadaye, na ninaiandika kwa sababu hukumu ile ya kwanza niliyoitoa ilikuwa ya uongo nawe ulinikasirikia. Ya kweli ni hii: hauna kasoro, tangu juu mpaka chini. Yeyote mwenye ulimi ataupitisha, na kiko changu kitapinduliwa bustanini. Na kijana yule, kwa anavyosema Mizani, ana ulimi mzuri sana.

Msalimu mama. Mwambie apunguze sukari.

Mpwa wako.