Mwalimu Epifania, Uliyewafundisha Watoto wa Kibosho Serikali Yao

Mama, mwaka umekatika tangu ulipoanguka mbele ya ubao wa darasa la nne, chaki mkononi, na hukuinuka tena. Oktoba ile redio zote zilikuwa zikimlilia Mwalimu wa taifa. Sisi hapa Kibosho tulikuwa tunamlilia wetu, na wapita njia hawakujua tofauti.

Nyumba imepoa. Baba anachemsha chai ya watu wawili, halafu anaikasirikia sufuria. Flavia, kitinda mimba wako, hajakanyaga shuleni kwako tangu siku ile. Akitumwa dukani anazunguka njia ya mtoni ili asilione darasa.

Wenzako walilikimbia somo la uraia, wewe uliliomba. Uliwauliza watoto mkuu wa mkoa wetu anaitwa nani, darasa zima likajibu, "Mangi!", maana ndivyo walivyosikia kwa babu zao. Hukushika fimbo. Ulicheka mpaka ukakaa, kisha ukawaeleza enzi za Mangi, chifu wetu wa zamani, zilivyokwisha, Uhuru ulivyokuja, na sasa vyama vingi.

Hivyo vyama vingi vilikuletea kesi. Uliwafundisha kwamba balozi wa nyumba kumi ni mtu wa chama, si wa serikali. Maneno yakafika nyumbani kabla ya watoto. Mzee Ildefonce, balozi wetu wa miaka yote, akaja amevimba. "Mwalimu, unawaambia watoto mimi si serikali? Kesi zote nilizoamua hapa zilikuwa mchezo?"

Ulimwamkia shikamoo, hakuitikia. Kesho yake ukachuma jani la isale ukampelekea, na kwetu mtu akiletewa isale hana budi kusamehe. "Nisamehe kwa kukuumiza, mzee wangu," ulimwambia, "ila somo siwezi kulifuta." Jumatatu ukalirudia vilevile. Mzee huyo ndiye aliyekata migomba kupisha kaburi lako, na alikuwa analia waziwazi.

Presha yako uliificha. Tukikuambia nenda hospitali, unasema, "Watoto wamalize mtihani kwanza." Mama, hilo tunakukasirikia hadi leo.

Jumapili ya tarehe 29 ni uchaguzi mkuu. Flavia ametimiza miaka kumi na minane, na ulimwahidi mngekwenda pamoja kupiga kura yake ya kwanza. Kituo chetu ni darasa lako. Alisema haendi, aende na nani. Baba hakumlazimisha. Juzi, akimenya ndizi za mtori, akasema mwenyewe, "Nitaenda. Lakini mkiniona nimesimama ubaoni nalia, msinitoe."

Hatutamtoa, Mama.

Unakumbukwa na mumeo Vedastus. Wanao Athanas, Hilda na Flavia. Dada yako Beatha wa Pasua. Wakwe, wajukuu, majirani, na watoto wote uliowafundisha. Misa ya kukuombea itasomwa kesho asubuhi parokiani, kisha tutakuja kihambani, kwenye migomba yetu ulikolala, kukaa nawe.

Siku zote tutakukumbuka, na siku zote itauma.