Karata Ninazoshindwa Kukataa

Kalemie, Jumanne jioni

Nimekufa tena, mara ya tisa leo. Ni huu mchezo wa karata alioniwekea binti yangu Neema kwenye simu, ili niache kuangalia ukuta. Ukishinda adui unaletewa karata tatu: chukua moja, au ziache zote. Ukifa, unaanza upya mikono mitupu.

Mimi nachukua kila mara. Nani alinifundisha kukataa kitu ninachopewa? Basi karata zinajaa kwenye fungu langu, na ile nzuri haifiki mkononi wakati naihitaji.

"Papa, hiyo nayo ya nini?" Neema akacheka. "Unakubali kila kitu! Njo maana unakufa."

Kweli. Asubuhi shemeji zangu walikuja kusema matanga yameisha, kesho watagawana nguo za dada yao, mke wangu. Njo desturi. Nikasema ndiyo, asanteni, nikawaongezea chai. Sikusikia kitu moyoni. Hata sasa sisikii, na hilo linanitia woga kuliko machozi.

Nikacheza tena. Karata tatu zikaja, nikabonyeza "ruka", nikaziacha zote. Mara ya kwanza kukataa, muzee mzima kama mimi!

Kisha nikafungua valizi ya nguo za mke wangu, nikatoa kikwembe, kile kitenge cha bluu alichokuwa akijifunga akienda kununua samaki wadogo, ndagala. Kiko kitandani, chini ya muto wangu. Kesho wakikiulizia nitasema: hapana, hicho hapana.

Nimeanza kujizoeza kwa sauti ndogo. Neema ameuliza nasema na nani.