Kompyuta Haina Wajane

Delfina, unakumbuka jirani yetu Ersilia alivyomuuliza Onorina, "Mume akishakufa, bado ni mume wako?" Tulicheka mpaka ugali wetu wa polenta ukaungua jikoni. Leo sicheki.

Nimemsindikiza Onorina ofisi ya mji. Barua ilimtaka atoke nyumba ya wajane kabla ya Jumapili ya Matawi, eti si mjane. Si mjane! Na mumewe Nello tulimzika sote!

Fundi wao wa kompyuta, Tarcisio, akatueleza. Mwanzoni waliiandikia mashine kwamba mjane ni mwanamke ambaye waume zake wote wamekufa. Ikawahesabu na masista wote wa konventi, maana hakuna sista mwenye mume aliye hai! Ndipo wakarekebisha: mjane lazima pia awe na mume. Lakini humo humo waliandika kuwa mume ni mtu, na mtu ni yule aliye hai.

"Sasa mjane ni nani?" nikamuuliza.

"Hakuna, mama. Kwa maana hizi hawezi kuwepo hata mmoja."

Hawezi kuwepo, Delfina! Na Onorina amekaa mbele yake, kavaa nyeusi!

"Basi badilisha, baba," nikamwambia.

"Nikigusa maana ya mtu, orodha zote za mji zinavurugika. Hawaniruhusu."

Mimi nasali kimoyomoyo. Onorina akaiweka picha ya Nello mezani. "Huyu ni nani wangu?"

Tarcisio akaitazama kompyuta, si picha. "Humu ndani, mama, si mumeo."

Onorina akairudisha picha mkobani, akafunga zipu, akatoka.